Waya zikitoka, kazi haijaisha: Nani atayashikilia meno yaliyonyooshwa Mbugangari?

Na Mwandishi Wetu, Rubavu

Kabla jua halijachomoza sawasawa, Mbugangari imekwisha kuamka. Wanawake wenye mabeseni ya nyanya na karoti wanaelekea Petite Barrière, kivuko cha mpaka kati ya mtaa huu wa Gisenyi, nchini Rwanda, na Birere ya upande wa Goma, nchini Kongo. Wanafunzi wamo, wabeba mizigo wamo, na wagonjwa wanaokwenda kwa daktari wamo pia. Nyakati za utulivu, makumi ya maelfu ya watu huvuka hapa kila siku kwa miguu.

Kijana wa mtaa huu anayetaka kunyoosha meno ana njia mbili za kumfikia daktari. Ya kwanza ni hii ya kuvuka bariye kwenda kliniki za Goma. Ya pili ni basi la Kigali, safari ya zaidi ya kilomita 150 kwenye barabara ya milima inayopita Musanze.

Njia yoyote atakayoichagua, ataikanyaga mara nyingi. Waya za meno hukazwa kila baada ya wiki nne hadi nane, na matibabu huchukua kwa kawaida mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Kila safari ni nauli, ruhusa ya shule na siku ya biashara iliyopotea kwa mzazi anayemsindikiza.

Hatimaye siku ya furaha inafika. Waya zinabanduliwa, meno yanang'arishwa, picha zinapigwa. Kijana anakabidhiwa kikasha chenye kifaa chembamba cha kushikilia meno, ambacho kliniki hukiita riteina, na maelezo mafupi kwamba akivae. Anarudi nyumbani akiamini kwamba amemaliza.

Hajamaliza. Kikasha kikisahaulika sandukuni kwa wiki chache, kifaa kitaanza kubana. Miezi ikipita hakitaingia kabisa, na jino lililokuwa limegeuka litaanza kugeuka tena. Kila daktari anayefunga waya anawajua wagonjwa wa namna hii: waliotimiza masharti yote ya miaka miwili, kisha wakayapoteza matunda yake kwa kuwa hakuna aliyewaeleza vizuri kinachofuata.

Swali la makala haya ni hilo. Familia ya Mbugangari inapolipia meno yanyooshwe, nani amepanga namna ya kuyashikilia yakishanyooka?

Kwa nini meno hurudi

Jino halikupigiliwa kwenye taya kama msumari kwenye ubao. Mzizi wake umezungukwa na tabaka la nyuzi lenye unene wa takriban robo ya milimita. Nyuzi hizo hulifunga jino kwenye mfupa, na hulipa nafasi ndogo ya kucheza tunapotafuna.

Waya huitumia nafasi hiyo. Jino likisukumwa polepole, mfupa wa upande unaobanwa huliwa na seli maalumu, na upande wa pili seli nyingine hujenga mfupa mpya. Kwa wastani jino husogea kama milimita moja kwa mwezi.

Siku waya zinapotoka, mfupa huo mpya bado mchanga na nyuzi bado zimevutika. Nyuzi za kuzunguka mzizi huhitaji miezi mitatu hadi minne kujipanga upya. Zile za ufizi, zinazolishika jino juu ya mfupa na kuliunganisha na jirani yake, ni nzito zaidi kubadilika.

Mtafiti wa Norway, Kaare Reitan, alilionyesha jambo hilo mwaka 1959. Katika majaribio yake, meno yaligeuzwa kisha yakashikiliwa mahali papya. Siku 232 baadaye, nyuzi za ufizi zilikuwa bado zimevutika, zikilidai jino lirudi lilikotoka. Ndiyo maana jino lililokuwa limegeuka ndilo jepesi kurudi kuliko mengine.

Sababu haziishii kwenye nyuzi. Taya la chini huendelea kukua hadi mwisho wa ujana, hasa kwa wavulana. Ulimi wenye mazoea ya kuyasukuma meno ya mbele wakati wa kumeza hauachi kusukuma kwa sababu waya zimetoka. Ugonjwa wa fizi ukila mfupa, meno hulegea na kutawanyika. Na jino moja liking'olewa bila pengo kuzibwa, majirani huliinamia pengo hilo.

Lipo pia lile la umri. Hata mtu ambaye hajawahi kuvaa waya huona meno yake ya mbele ya chini yakianza kubanana miaka inavyosonga, kwa kuwa upinde wa meno hupungua urefu taratibu. Wengi hulaumu magego ya mwisho yanayoota ukubwani, wakaenda kuyang'oa. Tafiti zilizolinganisha watu wenye magego hayo na wasio nayo hazikuona tofauti yenye maana katika kubanana huko.

Somo lililotoka Seattle

Ushahidi mzito kuhusu kurudi kwa meno ulikusanywa Chuo Kikuu cha Washington, katika mji wa Seattle nchini Marekani. Richard Riedel, Robert Little na wenzao waliwaita tena wagonjwa waliokuwa wamemaliza matibabu zamani na wakaacha kuvaa vifaa vya kushikilia.

Matokeo ya mwaka 1981 yaliwahusu wagonjwa 65 waliokuwa wametimiza angalau miaka 10 tangu kuacha vifaa. Theluthi mbili yao walikuwa na meno ya mbele ya chini yasiyoridhisha. Mwaka 1988 watafiti walitoa taarifa ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa hadi miaka 20. Waliobaki na mpangilio unaokubalika walikuwa asilimia 10.

MIAKA 20 BAADA YA KUACHA KIFAA, MGONJWA 1 TU KATI YA 10 ALIKUWA NA MENO YA CHINI YALIYOPANGIKA.

Hao walitibiwa na walimu wa fani hii, katika chuo chenye sifa, kwa waya zilizofungwa kwa ustadi. Tena watafiti walipojaribu kutafuta dalili ya kumtambua mapema mgonjwa ambaye meno yake yatarudi, hawakuipata. Umri haukutosha, jinsia haikutosha, ukubwa wa tatizo la mwanzo nao haukutosha.

Kwa hiyo hakuna daktari, awe wa Goma, Kigali au London, anayeweza kumhakikishia mgonjwa kwamba meno yake yeye hayatarudi. Kilicho mikononi mwa binadamu ni kuyashikilia.

Mwanya unaofungwa na kurudi

Nchini Rwanda, mwanya kati ya meno mawili ya mbele ya juu ni pambo. Wanyarwanda huuita inyinya, na msichana mwenye nao husifiwa kama anavyosifiwa mwenye mwanya huko pwani, Mombasa na Unguja. Hata hivyo wapo vijana wanaotaka ufungwe, baada ya kuona tabasamu za wasanii kwenye simu zao.

Kufunga mwanya si kazi ngumu. Kuuzuia usifunguke ndiko kugumu, kwa kuwa nyuzi za ufizi na ukano unaoshuka kutoka mdomo wa juu huendelea kuyavuta meno hayo kila moja upande wake. Wataalamu wengi hawafungi mwanya bila kukubaliana na mgonjwa kwamba atawekewa waya wa kudumu nyuma ya meno.

Hapo ndipo mazungumzo ya nyumbani yanapohitajika kabla ya yale ya kliniki. Mwanya usioumiza, usiozuia kutafuna wala kusema, si ugonjwa. Anayetaka kuufunga ana haki yake, lakini ajue kwamba anachukua jukumu la miaka mingi juu ya jambo ambalo bibi yake angelihesabu kuwa baraka.

Kifaa kipi kinafaa?

Hapa ndipo madaktari wanapotofautiana, na kila upande una hoja.

Upande wa kwanza ni wa vifaa vya kuvaa na kuvua. Cha zamani zaidi kati ya vinavyotumika hadi leo kilielezwa na Mmarekani Charles Hawley mwaka 1919: bamba linalokaa kwenye kaakaa, na waya mwembamba unaopita mbele ya meno. Ni kigumu, hudumu miaka, na waya wake ukilegea hukazwa. Ubaya wake ni kwamba huonekana, na siku za mwanzo huyumbisha matamshi.

Cha pili ni cha plastiki angavu inayoyavaa meno kama yalivyo. Mmarekani John Sheridan alikieneza kuanzia mwaka 1993. Hakionekani kwa urahisi, gharama yake huwa ndogo, na hutengenezwa haraka: karatasi ya plastiki hupashwa moto kisha ikafyonzwa juu ya mfano wa plasta wa meno ya mgonjwa. Ubaya wake ni kwamba huchakaa, hupasuka, na maji ya moto huiharibu sura yake.

Upande wa pili ni wa waya wa kudumu, unaogundishwa nyuma ya meno ya mbele, kwa kawaida kutoka chonge hadi chonge. Ulianza kuenea miaka ya 1970, gundi za kushika kwenye meno zilipoimarika. Wanaoutetea husema kwamba hausahauliki nyumbani wala haungojei hiari ya kijana. Unafanya kazi mchana na usiku.

Wanaoupinga wana hoja inayoigusa Rubavu moja kwa moja. Nyuma ya meno ya mbele ya chini ndipo ugaga hujikusanya zaidi, kwa sababu mate humwagika hapo. Uchunguzi wa kwanza wa kitaifa wa afya ya kinywa nchini Rwanda, uliochapishwa mwaka 2018, uliwakuta watu wazima 6 kati ya 10 wakiwa na ugaga. Kumwekea waya mtu asiye na mahali pa kusafishwa meno ni kuongeza kizuizi palipokwisha kuziba.

Tena waya wa kudumu hauvunjiki kwa kishindo. Gundi inaweza kubanduka kwenye jino moja bila mgonjwa kujua, na jino hilo likaanza safari yake peke yake. Mara chache, waya uliopinda huanza kuyasukuma meno upande usiotakiwa. Kifaa hiki kinahitaji daktari wa kukiangalia walau mara moja kwa mwaka.

Je, utafiti umempa nani ushindi? Mtandao wa Cochrane, unaopima ushahidi wa tiba duniani, ulizikusanya tafiti 47 zenye washiriki 4,377 katika mapitio yake ya mwaka 2023. Hitimisho lake ni kwamba ushahidi uliopo ni dhaifu, na hautoshi kukitangaza kifaa kimoja kuwa bora kuliko vingine.

Kwa hiyo uamuzi unarudi kwenye maisha ya mgonjwa. Mwanafunzi wa bweni anayepoteza kalamu kila wiki hafanani na mwalimu mwenye kabati lake. Anayeishi mlango wa pili na kliniki hafanani na anayesubiri bariye ifunguliwe. Daktari anayechagua kifaa bila kuuliza mgonjwa anaishi wapi na anaishije hajamaliza uchunguzi wake.

Avae hadi lini?

Zamani jibu lilikuwa mwaka mmoja au miwili. Takwimu za Seattle ziliubomoa msingi wa jibu hilo. Leo Chama cha Madaktari Bingwa wa Kupanga Meno cha Uingereza huwashauri wagonjwa waendelee kuvaa kifaa kwa muda wote wanaotaka meno yao yabaki yamenyooka.

Kwa lugha ya nyumbani, hiyo ni kazi ya maisha. Kuna wanaoona ushauri huo ni mzigo mno kwa kijana wa miaka 16, na kwamba utamkatisha tamaa hata asianze. Hoja yao si ya kupuuzwa, kwa kuwa sharti lisilotekelezeka huachwa lote.

Habari njema ni kwamba mzigo hupungua. Madaktari wengi huagiza kifaa kivaliwe karibu saa zote kwa miezi ya mwanzo, kisha usiku tu, na baadaye usiku chache kwa wiki. Zipo tafiti zilizoona kwamba wagonjwa waliovaa kifaa cha plastiki usiku tu tangu mwanzo hawakuwa na hali mbaya kuliko waliovaa kutwa. Ratiba ya kufuatwa ni ile aliyoitoa daktari aliyekutibu, kwa kuwa yeye ndiye anayejua meno yako yalitoka wapi.

Bariye inapofungwa

Mpaka wa Rubavu na Goma umewafundisha wakazi wa Mbugangari kwamba kesho haina mkataba.

Tarehe 1 Agosti 2019, baada ya wagonjwa wa Ebola kugunduliwa Goma, mpaka ulifungwa kwa saa kadhaa. Machi 2020 ulifungwa kwa wasafiri wa kawaida kwa sababu ya Uviko-19, na miezi ikapita. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, maelfu wakakimbia kutoka Goma kuja Gisenyi, na mitetemeko iliyofuata ikapasua nyumba pande zote mbili. Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia Goma, na makombora yakaanguka Rubavu na kuua raia.

Mbele ya misiba hiyo, meno ni jambo dogo. Hakuna familia inayokimbia usiku ikaulaumu moyo wake kwa kusahau kikasha cha riteina. Lakini maisha yanaporudi, mgonjwa aliyekuwa katikati ya matibabu anajikuta na waya mdomoni na kliniki asiyoifikia, au na meno yaliyonyooka na kifaa kilichopotea.

Wala si mpaka peke yake unaomwacha mgonjwa njiani. Nchini Marekani, kampuni ya SmileDirectClub, iliyokuwa ikituma vifaa vya kunyoosha meno kwa posta, ilifunga shughuli zake Desemba 2023. Wateja waliokuwa katikati ya matibabu walibaki bila wa kumuuliza. Nchi hiyo ina madaktari tele, na bado watu waliachwa.

MATIBABU YANAYOMTEGEMEA MTU MMOJA, MAHALI PAMOJA, NI MATIBABU YA KUBAHATISHA.

Kinga ya hali hiyo ni ndogo na haina gharama kubwa. Siku waya zinapotoka, mgonjwa aondoke na mfano wa plasta wa meno yake, au faili la skana likiwa kwenye simu yake pale kliniki inapokuwa na mashine. Kwa mfano huo au faili hilo, kliniki nyingine yoyote yenye fundi inaweza kumtengenezea kifaa kipya kinachofanana na cha kwanza. Aondoke pia na karatasi inayosema alitibiwa tatizo gani, meno yapi yaling'olewa, na kifaa gani kimewekwa.

Karatasi hiyo iandikwe kwa lugha anayoisoma yeye na mama yake. Mbugangari watu husema Kinyarwanda na Kiswahili kuanzia sokoni hadi kanisani na msikitini. Maelekezo ya Kifaransa au Kiingereza yanayobaki kwenye bahasha hayajamsaidia mtu.

Anasa, au sehemu ya afya?

Kuna sauti inayouliza, na kwa haki, kama jambo hili linastahili kurasa za gazeti. Uchunguzi uleule wa kitaifa wa afya ya kinywa uliona kwamba karibu Wanyarwanda 7 kati ya 10 hawakuwahi kumwona mtoa huduma ya kinywa hata mara moja. Zaidi ya nusu walikuwa na meno yaliyooza ambayo hayajatibiwa. Je, tuzungumzie meno yaliyopinda wakati yaliyooza yanasubiri?

Swali hilo lina uzito kwa sababu wataalamu ni wachache. Kwa miaka mingi huduma ya meno nchini ilibebwa na matabibu wa ngazi ya diploma. Shule ya kwanza ya kufundisha madaktari kamili wa meno ilianza mwaka 2013, chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Mabingwa wa kupanga meno ni wachache zaidi, na wamejikusanya Kigali. Gharama ya waya na riteina kwa kawaida huangukia mfuko wa familia, wala si mituweli, bima ya afya ya jamii.

Lakini jibu si kuchagua kimoja. Meno yaliyopandana husafishika kwa shida, na mabaki ya chakula hujificha hapo. Meno ya juu yaliyochomoza huvunjika upesi mtoto anapoanguka. Na aibu ya mtoto anayefunika mdomo kila anapocheka ni maumivu pia, hata kama hayana dawa kwenye duka la dawa.

Ukubwa wa jambo lenyewe si mdogo. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam kwa wanafunzi 1,601 wa miaka 12 hadi 14 katika Kinondoni na Temeke, na kuchapishwa mwaka 2009, uliwakuta asilimia 63.8 wakiwa na walau kasoro moja ya mpangilio wa meno. Si wote waliohitaji waya. Kasoro nyingi ni ndogo na mtu huishi nazo bila shida. Ila wanaohitaji wapo, na idadi ya wanaotafuta huduma itaongezeka kadiri madaktari wanavyoongezeka.

Ndiyo sababu suala la kushikilia meno ni suala la haki kuliko la urembo. Mwenye uwezo, meno yake yakirudi, atafunga waya mara ya pili. Mama wa Mbugangari aliyekusanya akiba ya ibimina, vikundi vya kuweka na kukopa, na faida ya nyanya hana mara ya pili. Kwake, riteina iliyopotea ni fedha ya miaka miwili iliyomwagika.

Kinachowezekana Rubavu

Kumleta bingwa wa kupanga meno katika kila wilaya ni ndoto ya muda mrefu. Kushikilia meno yaliyokwisha kunyooka ni kazi nyepesi zaidi. Kifaa cha plastiki hakihitaji bingwa kukitengeneza upya. Kinahitaji vipimo vya meno, plasta, karatasi za plastiki, mashine ndogo ya kuipasha na kuifyonza, umeme na mtu aliyefundishwa.

Idara ya meno ya hospitali ya wilaya, au kliniki binafsi ya mjini, inaweza kuifanya kazi hiyo. Inaweza pia kugundisha upya waya uliobanduka na kuondoa ugaga nyuma yake. Bingwa wa Kigali akibaki msimamizi wa mbali, mgonjwa wa Mbugangari atafika kliniki kwa miguu au kwa pikipiki, wala hatalala njiani.

Kliniki nazo zina deni. Gharama ya riteina ya kwanza, na walau moja ya akiba, iingizwe kwenye bei inayotajwa siku ya kwanza. Ziara za kukagua mwaka wa kwanza baada ya waya kutoka zihesabiwe kuwa sehemu ya matibabu. Bei inayoishia siku ya kubandua waya ni bei ya nusu ya kazi.

KABLA HUJAFUNGWA WAYA, ULIZA:

- Baada ya waya nitapewa kifaa gani, na kwa nini hicho?
- Gharama yake imo kwenye bei hii? Kikipotea, kingine ni kiasi gani?
- Nitakaguliwa mara ngapi mwaka wa kwanza?
- Nikishindwa kufika hapa, nani mwingine anaweza kunisaidia?
- Nitapewa mfano wa meno yangu, au faili lake, niende nalo nyumbani?

UKISHAFUNGULIWA WAYA:

- Vaa kifaa kwa saa ulizoagizwa, tangu usiku wa kwanza.
- Kisafishe kwa maji baridi, mswaki laini na sabuni kidogo. Dawa ya meno huikwaruza plastiki angavu.
- Kiepushe na maji ya moto, chai na jua. Kikijikunja, hakifai tena.
- Kivue unapokula. Ukiwa nacho mdomoni, kunywa maji tu. Soda inayonaswa ndani yake huozesha meno.
- Kikiwa nje ya mdomo, kiwe ndani ya kikasha. Vingi hupotea vikiwa vimefungwa kwenye karatasi mezani, kisha vikatupwa na takataka.
- Kikibana baada ya kusahaulika siku chache, endelea kukivaa. Kikigoma kuingia, usikilazimishe. Nenda kwa daktari wiki hiyohiyo.
- Mwenye waya wa kudumu apitishe uzi au brashi ndogo chini yake kila siku, na ajipapase kwa ulimi kuona kama kuna mahali palipobanduka.

Mzazi, ukiwa na fedha ya kufunga waya lakini huna ya kifaa cha kushikilia, subiri. Kusubiri mwaka mmoja hadi akiba itimie hakuwaharibii vijana wengi wanaohitaji waya, na daktari mwaminifu atakuambia kama wako ni miongoni mwa wachache wasioweza kungoja. Kuanza bila mpango wa kumaliza ndiko kunakoharibu.

Nawe kijana uliyefunguliwa waya mwaka huu, kitafute kikasha chako leo na ukijaribu kifaa kabla ya kulala. Kikiingia, kivae. Kisipoingia, bado hujachelewa kumwona daktari, kwa kuwa meno yaliyoanza kurudi hurekebishika kwa urahisi yakiwahiwa mapema.